Namna ya kupima kama bondia wa uzito wa juu ni wa kiwango cha dunia kweli

Mwezi wa 8 mwaka 2024, siku ya yenga mbele jua itoke, tulikuwa batu kama kumi na mbili tumebanana mu ligablo moja (kiduka) pale Birere, hapa Goma, mbele ya simu ya mutu mmoja, megabaiti tumechangia, kule Los Angeles ilikuwa bado posho usiku. Martin Bakole, mutoto wa Kananga, anamuangusha Jared Anderson raundi ya kwanza, raundi ya tano anamuangusha tena mara mbili, refa anasimamisha. Batu banaruka, mama wa nyumba ya pembeni anagonga ukuta, na kila mutu anasema imeisha, Congo imepata champion wa dunia wa uzito wa juu. Alafu mwezi wa 2 mwaka 2025 Bakole anaingia na Joseph Parker kule Riyadh, raundi ya pili eko chini. Siku zile Goma ilikuwa na maumivu yake, wengi ata habakuona pambano, balisikia tu matokeo, lakini balebale ba ligablo balikuwa tayari banasema huyu hakuwaka kitu, Anderson alikuwa mutoto tu.

Mara zote mbili balikosea, na sababu ni moja. Banaangalia nani ameanguka. Mimi nafuata boksi tangu niko mudogo, na kitu kimoja nimeona inarudia kila mara: kuanguka kwa mutu wa kilo 115 haikuambie mingi, juu mu uzito huu kila mutu anaweza kuangusha kila mutu. Ile inakuambia ni raundi ambayo bondia wako amepiga ngumi yake ya kweli, imefika kabisa, na ule mwingine hajaanguka. Anafanya nini dakika inayofuata? Hii yote naandika hapa chini ni namna ya kutafuta ile dakika na kuisoma.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Uzito wa juu inaanza pale uzito wa chini yake inaishia, kilo 90.7, na kwa juu hakuna kikomo, njo maana utaona mutu wa kilo 100 anapigana na wa kilo 125 na hakuna mutu analalamika. Mikanda mikubwa ni ine, ya mashirika ine ya boksi: WBA, WBC, IBF na WBO. Lakini kuwa wa kiwango cha dunia haiko lazima kuvaa mukanda. Maana yangu ni hii: chukua mabondia kumi na tano wa kwanza kwa dunia, huyu mutu wako anaweza kuingia na yeyote kati yabo kwa raundi kumi na mbili, ashinde zingine, apoteze zingine, bila kuonekana amepotea njia? Kama ndiyo, ni wa dunia, ata kama atapoteza. Chini yake kuna bale balinzi wa mulango, batu bazuri banaojua kazi na banapitisha ao banarudisha vijana. Chini tena kuna ba bara, na ba inchi yabo tu. Makosa mingi inatoka pale mutu anaona kijana anapiga ba inchi na anamutangaza wa dunia, anaruka ngazi mbili mara moja.

Sasa kazi. Anza na rekodi, lakini usisome zile namba za juu. Mutu anakuambia 20 kwa 0, 19 kwa KO (alimaliza mutu mbele raundi ziishe), unasikia damu inapanda. Peter McNeeley alifika mbele ya Mike Tyson mwezi wa 8 mwaka 1995 na ushindi 36 na kupoteza 1 tu. Sekunde 89, imeisha. Hakuwa mwoga, alikimbilia Tyson tangu kengele, lakini ile 36 aliikusanya kwa batu ambao ata habangefika raundi ya ine na bondia wa kati. Deontay Wilder naye mbele apate mukanda wake mwezi wa 1 mwaka 2015 alikuwa na ushindi 32, zote 32 kwa KO, na siku amekutana na Bermane Stiverne, mutu wa kweli wa kwanza, pambano ilienda raundi zote kumi na mbili. Wilder alishinda, na alishinda vizuri kwa jabu, ile ngumi imenyooka ya mukono wa mbele, kwa hiyo alikuwa wa dunia, lakini zile KO 32 hazikuwa njo ushahidi. Ushahidi ilikuwa ile usiku moja ya raundi kumi na mbili.

Kwa hiyo fungua BoxRec, ile site ya rekodi za mabondia, na ushuke kwa majina. Kila jina uulize maswali tatu: siku ile alikuwa na miaka ngapi, alikuwa anatoka kushinda ao kupoteza, na alipewa muda gani wa kujitayarisha. Nitakuonyesha kwa jina moja tu, Carlos Takam, mzaliwa wa Cameroun anayeishi Ufaransa, mulinzi wa mulango wa miaka mingi. Mwaka 2016 Parker alipigana naye, Takam alikuwa na miaka 35, bakaenda raundi kumi na mbili na Parker akashinda kwa pointi. Mwaka 2017 Anthony Joshua akapigana naye, Takam alikuwa na 36 na aliitwa siku chache tu mbele juu ule aliyepangwa aliumia, na bado alisimama mpaka raundi ya kumi. Mwaka 2023 Bakole akamumaliza raundi ya ine. Ukisoma haraka utasema Bakole amefanya kitu Joshua na Parker bameshindwa. Lakini Takam wa 2023 alikuwa na miaka 42! Haiko kusema ushindi ule ni bure, hapana, namna alimubana pale ilikuwa nzuri kabisa, ila huwezi kuuweka kwa mizani moja na ile ingine.

Fanya vile vile na Anderson. Alikuwa na miaka 24, ushindi 17, KO 15, Marekani yote inamuita kesho ya uzito wa juu. Lakini shuka uone: Charles Martin mwaka 2023 alienda naye raundi kumi, na Ryad Merhy, mutu aliyepanda kutoka uzito wa chini, naye alienda naye raundi kumi mwaka 2024. Ngumi za kijana zilikuwa zinafika na batu habakuwa tena banaanguka. Kumbe alama ilikuwa pale miezi mingi mbele ya Bakole, na mimi naambia bandugu zangu kila mara, wakati mutu wenu anampiga mutu mwenye jina, angalia ule mwenye jina alifanya nini mapambano mbili za nyuma.

Rekodi inakupa swali tu. Jibu iko mu video, na video nzima, kengele mpaka kengele. Vile vipande vya dakika mbili vinavyotembea mu WhatsApp vimekatwa na mutu anayependa bondia ule, ao anayemuuza. Tafuta pambano ambayo ilienda mbali, raundi nane kwenda juu, ata kama haina raha. Kama bondia wako hana pambano ya namna ile, basi hujui, na ni haki kusema hujui.

Zima sauti. Bale banaotangaza banapiga kelele kila ngumi inatoka, na kelele yabo inakupandisha. Na mara ya kwanza usiangalie mikono, angalia miguu. Najua ni vigumu, macho inapenda ngumi, mimi nilikuwaka naweka kipande cha karatasi juu ya kiyo ya simu nifiche sehemu ya juu, nibaki na miguu tu, na hapo njo nilianza kuona. Mutu muzito asiye wa kiwango, miguu yake inafanya kazi moja: inamupeleka mbele. Akitaka kupiga anasimama, miguu inaungana sawa mutu anapiga picha, alafu ngumi inatoka. Akikosa, anabaki pale pale. Mutu wa dunia akimaliza kupiga, mahali pa miguu imeshabadilika, ata nusu hatua, hayuko tena pale ulimuona.

Oleksandr Usyk njo kitabu cha somo hii. Mwaka 2021 kule London alipanda na Joshua, yeye kama kilo 100, Joshua kama 109 na murefu kumupita, na kila mutu alisema uzito utaongea. Usyk anapiga kwa kushoto, muguu wake wa kuume njo uko mbele, na angalia ule muguu: kila wakati anautafutia mahali kwa inje ya muguu wa mbele wa Joshua. Ukiwa kwa inje, mukono wako wa kushoto una njia imenyooka, na yeye mukono wake wa kuume unapaswa kuzunguka kutafuta wewe. Ni sentimeta kumi ao kumi na tano tu za muguu. Raundi kumi na mbili alifanya ile, bila kuchoka, na akabeba mikanda. Baadaye alimufanyia Tyson Fury, mutu wa mita 2.06, mara mbili mu mwaka 2024. Sisemi kila mutu awe Usyk, hakuna mwingine. Ila unataka kuona kama bondia wako miguu yake inajua kitu chochote zaidi ya kwenda mbele.

Mara ya pili, rudia pambano na uhesabu jabu. Kweli uhesabu. Mimi nina kaye ya mwanafunzi, kila raundi nachora vijiti, kimoja kwa kila jabu inayotoka, na ile inayofika nakata kijiti kwa katikati. Usiku wa kwanza nilifanya ile nilishangaa, bondia niliyekuwa nampenda alikuwa na vijiti 22 raundi ya kwanza, 19 ya pili, na raundi ya saba vinne. Vinne! Na kwa macho nilikuwa nimesema anaongoza. Jabu inapima mambo mingi pamoja: kama pumzi iko, kama kichwa bado inafikiri, kama mutu anaogopa kurudishiwa. Bondia akichoka, ao akipata hofu, kitu cha kwanza kupotea ni jabu, anabakia na zile kroshe kubwa, ngumi za kuzunguka, za kuvizia. Kwa hiyo usiangalie tu ni mingapi, angalia vijiti vinapungua namna gani kutoka raundi ya pili kwenda ya nane.

Na jabu inavunja batu, batu banasahau. Mwezi wa 11 mwaka 2020 Daniel Dubois aliingia na Joe Joyce, Dubois hajapoteza, karibu zote KO, miaka 23. Joyce ana miaka 35, anatembea polepole sawa mutu anatoka shamba. Raundi kwa raundi Joyce anaweka jabu kwa jicho la kushoto, ile ile, mahali pale pale, mpaka raundi ya kumi jicho imefungwa, Dubois anapiga goti na hasimami mpaka hesabu inaisha. Mufupa wa jicho ulikuwa umevunjika. Dubois alikuwa amepiga Joyce ngumi zake nzito mara mingi usiku ule na Joyce alikuwa anaendelea tu kutembea mbele, na hiyo njo dakika ile nawaambia. Dubois alipoona haanguki, alirudia kitu kile kile kwa nguvu zaidi. Hakukuwa na mpango wa pili.

Lakini chunga, batu balimuzika Dubois siku ile na kumuita mwoga, na mwezi wa 9 mwaka 2024 pale Wembley alimulaza Joshua raundi ya tano. Alikuwa ameongeza vitu. Nitarudi kwa ile ya kuzika batu haraka.

Pumzi. Hapa Congo hatuna sababu ya kusahau pumzi, juu somo yake kubwa kupita zote ilitolewa kwetu, Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, mu Stade du 20 Mai, ile leo inaitwa Tata Raphaël, karibu saa kumi ya usiku. Muhammad Ali anapigana na George Foreman. Foreman miaka 25, mapambano 40, hajapoteza, 37 kwa KO, Joe Frazier na Ken Norton wote aliwamaliza raundi ya pili. Leo bazee bengi wanaeleza ile usiku sawa mazingaombwe ya Ali. Hapana, angalia tena na kaye yako. Ali anaegemea kamba, anafunga mikono, anaacha Foreman apige mikono na mbavu, na kila raundi Foreman anapiga ngumi zilezile za kumaliza mutu, kwa nguvu yote, na mutu hamaliziki. Raundi ya tano mikono yake imekuwa mizito, anasukuma badala ya kupiga. Raundi ya nane eko chini. Miaka 20 baadaye, mwezi wa 11 mwaka 1994, Foreman yule yule, na miaka 45, akapata tena mukanda kwa Michael Moorer raundi ya kumi, na ukiangalia ile pambano utaona mutu tofauti kabisa, jabu ya polepole, hatumii nguvu bure, anapoteza raundi na hana haraka.

Alama za kuchoka zinaonekana mapema kama unajua mahali pa kuangalia. Asubuhi moja kwa mazoezi pembeni ya stade hapa Goma alikuja jamaa mmoja mubeba mizigo wa soko ya Virunga, kama kilo 110, akipiga sako la mazoezi minyororo inalia na batoto banakimbia kuangalia. Kocha akamupatia motari mmoja (dereva wa pikipiki) wa kilo 80 bafanye sparingi, kupigana kwa mazoezi, raundi tatu. Raundi ya kwanza jamaa anatisha. Dakika ya pili ya raundi ya pili niliona kinywa kimefunguka na kinga ya meno imetoka inje kidogo, alafu mukono wa kuume ukashuka kutoka shavuni mpaka kifuani, alafu akaanza kukumbatia mbele ya kupiga badala ya nyuma ya kupiga. Vitu tatu, kwa mustari ule ule. Raundi ya tatu motari alikuwa anamugusa popote. Ile ile mustari utaikuta kwa Riyadh na kwa London, kinywa, mukono, kukumbatia, ila kwa mutu wa dunia inakuja raundi ya tisa ao ya kumi, na kwa wengine inakuja ya ine. Andika raundi gani.

Na mahali pia inahesabu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, anayetoka chini anasikia kifua siku za kwanza. Lennox Lewis, champion mukubwa kweli, mwezi wa 4 mwaka 2001 alienda kupigana na Hasim Rahman karibu na Johannesburg, kule pia ni juu. Rahman alitangulia kufika kuzoea hewa, Lewis alikuja nyuma. Raundi ya tano ngumi moja ya kuume, Lewis chini. Mwezi wa 11 mwaka ule ule bakarudiana Las Vegas, Lewis akamumaliza raundi ya ine. Ukipima pambano ya kwanza bila kujua bondia alijitayarisha namna gani, utaandika kitu cha uongo juu ya mutu.

Sasa kupigwa. Batu banauliza, kidevu chake ni kigumu? Swali hiyo ni nusu. Kwa uzito huu kila kidevu kinapatikana siku moja. Uliza anafanya nini sekunde kumi za kwanza nyuma ya kuumia. Kuna ule anayerudisha ngumi macho imefungwa, anataka kuonyesha hajaumia, huyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa uzito wa juu atalala. Kuna anayerudi nyuma kwa mustari wa moja kwa moja mpaka kamba zimushike, huyo pia. Na kuna anayekumbatia mara moja, mikono ndani ya makwapa ya mwenzake, kichwa kwa bega, anapumua, refa anawatenganisha, anatembea kwa pembeni, anapiga jabu moja ya kununua wakati. Larry Holmes, mwezi wa 9 mwaka 1979, raundi ya saba Earnie Shavers alimupiga ngumi ya kuume, Holmes alianguka sawa muti umekatwa. Wengi hapo habasimamaki. Alisimama, akafunga, akatembea, akamaliza raundi, na raundi ya kumi na moja ni Shavers aliyesimamishwa na refa. Ukitaka kujua mutu wa dunia ni nani, angalia raundi ile moja, ya saba, mara tano.

Kama bondia wako hajawahi kuumizwa hata siku moja, haiko sifa, ni ukurasa mweupe.

Juu ya mwili nitasema kidogo. Usimchague mutu kwa misuli. Andy Ruiz na tumbo lake, aliitwa kuchukua nafasi ya mwingine mwezi mmoja tu mbele, alimuangusha Joshua mara ine New York tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019, juu mikono yake ilikuwa ya haraka kupita ya Joshua na alikuwa anapiga tatu-ine mfululizo pale Joshua anapiga mbili. Ila kuna tofauti kati ya tumbo la kawaida la mutu na kilo zilizoongezeka. Siku ile Ruiz alikuwa na kama kilo 121, na kwa marudiano mwezi wa 12 alikuja na kama 128, na hakuweza tena kumufikia Joshua. Kwa hiyo tafuta kilo za kila pambano, BoxRec inaziandika, na ulinganishe bondia na yeye mwenyewe.

Umri pia, mabondia bazito banakomaa nyuma, miaka 28 mpaka 35 njo wakati wabo muzuri, wengine kupita pale, Usyk amempiga Dubois mwezi wa 7 mwaka 2025 akiwa na 38. Kijana wa 21 usimuhukumu bado. Na habari za sparingi, eti fulani alimulaza fulani mu jimu, weka pembeni kabisa, mu jimu glovu ni kubwa, kichwa kimefungwa kofia, kila mutu eko anajaribu kitu chake.

Na ile ya kuzika. Wladimir Klitschko alisimamishwa na Corrie Sanders raundi ya pili mwaka 2003, mwaka 2004 Lamon Brewster akamumaliza raundi ya tano, na kila mutu aliandika kwamba kidevu ni kioo na pumzi hana. Kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2006 mpaka mwezi wa 11 mwaka 2015 hakuna mutu aliyemupiga. Alibadilisha namna ya kutumia jabu na kukumbatia, alijifunza kutomaliza nguvu. Parker mwenyewe Joyce alimulaza mwezi wa 9 mwaka 2022, alafu akaja kumpiga Wilder, akampiga Zhilei Zhang, akamulaza Bakole. Kupoteza kunakuambia alikuwa amefika wapi siku ile. Rudi mwaka mmoja baadaye uangalie kama kitu kile kile bado kiko, mukono ule ule unashuka, miguu ile ile inaungana.

Tumurudilie Bakole basi, juu njo yeye tulikuwa tunagombania. Nimemupima na kaye hii, pambano kwa pambano. Ile nawaomba muangalie nzima ni ya Tony Yoka, Paris, mwezi wa 5 mwaka 2022. Yoka, baba yake Mukongomani, alikuwa na medali ya dhahabu ya Rio 2016, pale fainali alimupiga Joyce yule yule, na Paris ilikuwa nyumbani kwake. Bakole anamuangusha raundi ya kwanza, anamuangusha tena ya tano, na Yoka anasimama. Hapa njo dakika yetu. Bakole hakuchanganyikiwa, aliendelea na jabu, akapiga mwili, akabana mutu kwa kamba, raundi kumi zote, na akapewa ushindi mu jiji la mwenzake, ata kama jaji mmoja aliona sare. Vijiti vyake vinapungua kuanzia raundi ya saba, sitaficha, lakini vinabaki. Hiyo ni kazi ya mutu wa dunia.

Ingine ni ya Michael Hunter, London, mwezi wa 10 mwaka 2018, alisimamishwa raundi ya kumi, na pale unaona ile mustari ya kinywa na mukono mapema sana. Na kwa Parker? Aliitwa siku mbili tu mbele, juu Dubois alijiondoa. Kwa Anderson alikuwa na kama kilo 129. Kwa Parker alipanda na kilo zaidi ya 140. Unaona namba hizo pamoja na unaelewa ile raundi ya pili inakuambia nini na haikuambie nini: haikuambie kama Bakole aliyejitayarisha anaweza kusimama na Parker, ila inakuambia kwamba mutu yule hakuwa akiishi karibu na uzito wake wa kupigana, na bondia anayetafuta mukanda anapaswa kuwa karibu, simu inaweza kulia wakati wowote. Mwezi wa 5 mwaka ule ule wa 2025 akaenda sare na Efe Ajagba, raundi kumi, na hapo tena unaona mutu anajua kazi na pumzi inamukatalia.

Kwa hiyo mu kaye yangu nimeandika: kiwango cha dunia ndiyo, ya mukanda bado, kitu cha kuangalia ni kilo siku ya kupima. Kama pambano yake inayokuja atapanda chini ya 130, nitaamka ata kama ni saa kumi ya usiku. Kama ni 140, nitaangalia kesho yake.

Wewe pia andika mbele ya pambano, haiko nyuma. Mustari tatu tu kwa bondia wako: jabu yake inaishia raundi gani, anafanya nini akiumia, na ni nani wa kweli aliyekataa kuanguka mbele yake. Weka tarehe. Kesho yake asubuhi, mbele ya kwenda kubishana ku ligablo, fungua ukurasa ule na uangalie wapi ulikosea, alafu rudia video kuanzia raundi ile.